Kabla ya kununua masta kubwa ya klachi, chukua rula

KIJANA mmoja wa Umoja, hapa Nairobi, aliniandikia mwezi jana akitaka baraka zangu. Ana Subaru Impreza WRX ya gia za mkono, aliyoinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika kazini. Tangu afungiwe klachi mpya nzito ya kustahimili nguvu za turbo, gia ya kwanza na ile ya kurudi nyuma zimekuwa zikiingia kwa kelele za kusaga meno. Makanika wake alimwambia dawa ni kung'oa masta ya klachi na kutia iliyo kubwa zaidi, eti kubwa "ina presha". Gharama pamoja na kazi, Sh22,000. "Mzee, nizitoe ama nisizitoe?" aliuliza.

Usizitoe kwanza, nilimjibu. Nawe mpenzi msomaji usiye na Subaru, usifunue ukurasa, kwani hata pikapu ya baba yako huenda ina kifaa kicho hicho, na siku moja mtaambiwa maneno yayo hayo.

Masta ni ipi? Inua boneti utazame upande wa dereva, kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yako. Kando ya kikopo kikubwa cha mafuta ya breki kuna kingine kidogo. Silinda iliyo chini ya hicho kidogo ndiyo masta ya klachi. Unapokanyaga pedali, kijiti cha chuma husukuma pistoni ndani yake, pistoni husukuma mafuta kwenye paipu, na mafuta hayo husukuma pistoni ya silinda ya pili iliyo kwenye giaboksi, ambayo mafundi wetu huiita slevu. Slevu husogeza uma, uma husogeza beringi, klachi ikaachia. Kwenye Impreza ya turbo, slevu imekaa juu ya giaboksi kwa nje, na hiyo ni bahati kubwa kama utakavyoona.

Sasa, hapo penye "presha" ndipo wengi wetu hupotea. Presha iliyo ndani ya paipu haiamuliwi na ukubwa wa masta. Huamuliwa na ugumu wa springi ya klachi inayosukumwa upande wa pili. Klachi ngumu hudai presha yake ili iachie, na itadai hiyo hiyo uwe na masta ndogo ama kubwa. Kinachobadilika ni vitu viwili: kiasi cha mafuta yanayosukumwa kila ukanyagapo, na kazi ya mguu wako.

Wanafunzi, toeni kalamu. Masta ya kawaida kwenye magari mengi madogo ya Kijapani ina kipenyo cha inchi 5/8, yaani milimita 15.87, na mara nyingi utaikuta namba hiyo imeandikwa kwenye chuma chenyewe. Eneo la uso wa pistoni yake ni milimita mraba 198. Tuseme kijiti kinasafiri milimita 30: mafuta yatakayotoka ni sentimita 5.9 za ujazo. Tia masta ya inchi 3/4. Eneo ni milimita mraba 285, na mafuta ni sentimita 8.6 za ujazo. Hilo ni ongezeko la asilimia 44. Ikiwa slevu ina kipenyo cha inchi 13/16, kijiti chake kilichokuwa kikisogea karibu milimita 18 sasa kitasogea zaidi ya 25.

Basi faida ya masta kubwa ni umbali, si nguvu. Na umbali huo haupewi bure, kwani asilimia zizo hizo 44 huongezwa kwenye uzito wa pedali. Aliyekuwa akikanyaga kwa nguvu ya kilo 15 atakanyaga kwa karibu kilo 22. Hebu zipeleke kilo hizo kwenye msongamano wa Thika Road jioni, kutoka Pangani hadi Roysambu, mguu wa kushoto ukipanda na kushuka, halafu uniambie habari za goti lako. Iko ya katikati, ya inchi 11/16, ambayo huongeza asilimia 21 tu, lakini vijana wetu hawapendi kitu cha katikati.

Nasema hivi nikiwa nimekwisha kulipa karo. Mwaka wa 2009 nilikuwa na Impreza kuukuu iliyotengenezwa 1997, mwaka ambao Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru, na msinicheke, jambo hilo ndilo lililoninunulisha gari. Gia zilianza kusaga. Fundi wangu akasema masta kubwa, nami nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Ikafungwa ya inchi 3/4. Siku ileile gia zikaingia kama kisu kwenye siagi, nikajiona dereva wa mashindano.

Miezi miwili baadaye tulikuwa tukienda Naivasha, mama watoto kando yangu na watoto watatu nyuma, tukiteremka bondeni kuelekea Mai Mahiu. Mbele yetu lori limejaa saruji. Nikakanyaga klachi nitoke gia ya tatu niingie ya pili. Ya tatu ikatoka. Ya pili ikakataa kuingia, na nilipojaribu kuirudisha ya tatu, nayo ikakataa. Wale wanaoijua barabara ile wanajua maana ya kuteremka bila gia: injini haikusaidii kushika gari, umebaki na breki peke yake, nazo kadiri zinavyopata moto ndivyo zinavyolegea. Harufu ya breki iliingia ndani ya gari. Mtoto mdogo akauliza nani anaunguza kitu. Nilivuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikapata mahali pa kupumzisha gari karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mama watoto hakusema neno hadi tulipofika nyumbani juu ya lori la kuvuta.

Giaboksi iliposhushwa, vidole vya springi ya presha pleti vilikuwa vimepinda. Masta kubwa ilikuwa ikivisukuma kupita mwisho wake kila mara nilipokanyaga pedali hadi sakafuni. Lakini lililoniuma zaidi ni jingine. Ile hosi fupi ya mpira inayounganisha paipu na slevu ilikuwa imechakaa, na kila ukikanyaga ilikuwa ikivimba kama shavu la mpiga zumari. Mafuta yaliyopaswa kusogeza slevu yalikuwa yakiishia kwenye uvimbe ule. Ugonjwa ulikuwa hosi tangu mwanzo.

Kwa hivyo pima. Anza na kikopo: mafuta yakiwa meusi kama kahawa, yamezeeka. Inua zulia chini ya pedali, upitishe kidole pale kijiti kinapoingia ukutani. Pakiwa na majimaji, raba za masta zimekwisha. Kanyaga haraka mara nne. Gia zikiingia laini baada ya hapo, kuna hewa ndani au raba zimechoka. Kisha, penye uwanja tambarare na pasiwe na mtu mbele yako, funga breki ya mkono, washa injini, tia gia ya kwanza, na ukae na klachi chini kwa dakika nzima. Gari likianza kuvutavuta, mafuta yanapenya kando ya pistoni.

Halafu rula. Zima injini, mwenzako akanyage hadi chini, nawe upime kijiti cha slevu kinasogea milimita ngapi. Hii ndiyo bahati niliyoitaja, kwa sababu magari mengine yameficha slevu ndani ya giaboksi na huwezi kupima hivi. Shika hosi kwa mkono usikie kama inavimba. Tazama masta pia: ikiwa inasogea mbele pamoja na ukuta wake, umbali unapotelea hapo, na chuma ndicho cha kuimarishwa. Ukipata milimita chache kuliko hesabu inavyosema, kuongeza ukubwa wa masta ni kujaza mtungi uliotoboka.

Yapo magari yanayoihitaji kwa haki. Klachi ya pleti mbili huhitaji nafasi zaidi ili pleti zote ziachane, na umbali inaodai huandikwa kwenye karatasi zilizokuja nayo. Mwingine amebadilisha slevu akatia kubwa, au amefunga giaboksi ya gari jingine. Ikiwa vifaa vyako vyote ni vizima, umepima, na bado umbali hautoshi, weka masta kubwa, na mimi ningeanza na ile ya 11/16.

Ukiifunga, kuna mambo ambayo fundi mwenye haraka huyaruka. Kijiti kiachiwe mwanya mdogo kabla hakijaigusa pistoni. Ndani ya silinda kuna kitundu kinachorudisha mafuta kwenye kikopo. Pistoni isiporudi nyuma kabisa hukiziba, mafuta yakipata moto hutanuka bila njia ya kutokea, na klachi huanza kujiachia yenyewe hadi iungue. Chini ya pedali pawekwe bolti ya kuizuia isipite umbali unaotakiwa. Bolti hiyo ndiyo niliyoikosa mimi. Na usikubali raba zioshwe kwa petroli, kwa maana huvimba na kuharibika. Tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, na yakimwagika kwenye rangi ya gari yaoshe mara moja kwa maji.

Yule kijana wa Umoja alinipigia simu Jumapili iliyopita. Rula yake ilisoma milimita 11. Hosi ilikuwa ile ile ambayo gari lilitoka nayo Japani. Ametia hosi mpya iliyosukwa kwa waya wa chuma, raba mpya juu na chini, akatoa hewa, na sasa anapata milimita 17. Gia ya kurudi nyuma inaingia kimya. Zile Sh22,000 ametumia chini ya nusu yake.

Analalamika tu kwamba pedali bado ni nzito. Hiyo, kijana wangu, ni klachi uliyoichagua mwenyewe.