Elimu ya Bure si Sadaka ya Serikali

Tumezoea kuambiwa kwamba serikali ingependa kuwasomesha watoto wetu bure, ila hazina ni tupu. Mbele ya sheria hoja hiyo haisimami.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 champa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yaijumuisha shule ya upili humo. Kifungu cha 21 chairuhusu serikali kutimiza hatua kwa hatua haki za Kifungu cha 43 pekee, kama vile afya na makao. Kifungu cha 53 hakikutajwa. Waliotunga Katiba hawakuandika "bure, fedha zikipatikana".

Mwaka wa 2018 mgao wa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Tangu hapo unga na karatasi vimepanda bei; mgao haukupanda, na hata huo haufiki wote. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, alikiri mbele ya wabunge kwamba serikali haimudu kuulipa kikamilifu. Basi nani aliyezibe pengo? Ni mwalimu mkuu, anayedaiwa na muuza mahindi, na mpishi, na walimu walioajiriwa na bodi. Jumatatu asubuhi huwarudisha watoto nyumbani, ingawa Kifungu cha 29 cha Sheria hiyo chakataza mtoto kunyimwa masomo kwa kukosa kulipa. Mwalimu huvunja sheria baada ya wakubwa wake kuivunja.

Ujanja huu ni wa zamani. Karo ilifutwa mwaka wa 1974 kwa madarasa manne ya kwanza. Mara ikaingia michango ya ujenzi. Mwaka wa 1988, mwaka ule ule wa uchaguzi wa mlolongo (na haikuwa sadfa, kwa maoni yangu), serikali ikahalalisha sera ya wazazi kuchangia gharama. Karo ya shule za msingi ilipofutwa tena mwaka wa 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliingia madarasani. Hao wote walikuwa wamefungiwa nje.

Twataka Wizara ichapishe kila muhula, shule kwa shule, kiasi kilichostahili na kiasi kilichotumwa, na orodha ibandikwe langoni. Naye mbunge akija na hundi ya basari mbele ya wapiga picha, aulizwe kwanza alisema nini Bungeni siku ya bajeti.