Ulikuwa Wapi Miaka Hii Yote?

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo nilimuuliza mwanafunzi mmoja swali ambalo sikupaswa kumuuliza. Alikuwa ameshindwa kupanga katika ngeli nomino kumi nilizoandika ubaoni, kazi ambayo vijana waliotoka sekondari juzi waliimaliza kwa dakika chache. Ni mama wa miaka thelathini na kitu, aliyekatiza masomo miaka tisa iliyopita. Nikamwambia mbele ya wote: “Mama, miaka hii yote ulikuwa wapi?” Akajibu bila kuinua sauti: “Nilikuwa ninatafuta minervali, Mwalimu.” Oditori ikacheka. Nami nilicheka. Wiki mbili zilizofuata kiti chake kilikuwa kitupu.

Ninaandika haya kuwatetea wanafunzi wa aina yake, maana kila mwaka tunao: aliyeishiwa na fedha, aliyekimbia vita, aliyeolewa, aliyekwenda kuchimba madini ili asomeshe wadogo zake. Sababu za kuwatetea sikuzipata katika vitabu vya ualimu. Nilizipata juu ya mashine ya kupiga makasia.

Nimezaliwa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Huko mvuvi hupiga kafi: analishika mikononi, halikufungwa popote, naye anatazama mbele anakokwenda. Kasia ni kitu kingine. Kasia hushikizwa ubavuni mwa mashua, na mwenye kulivuta hukipa kisogo kule anakokwenda. Kasia nililijulia Ubelgiji, mjini Gent, nilipokuwa nikisomea shahada ya pili. Wakati wa baridi kali wapiga makasia wa huko huingia ndani na kukaa juu ya mashine: kiti kinachoteleza juu ya reli, mnyororo wenye mpini, na gurudumu linalopiga hewa. Aina inayotumika zaidi leo ilitokana na kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Dick na Peter Dreissigacker, waliounda ya kwanza mwaka 1981 kwa gurudumu la baiskeli. Nilivuta mashine hiyo misimu miwili ya baridi. Mwaka 2010 nilimaliza mita 2000 kwa dakika 7 na sekunde 24, yaani dakika 1 na sekunde 51 kwa kila mita 500. Namba hiyo sijaisahau hata siku moja.

Kisha nikarudi nyumbani. Kazi, watoto, kiti cha ofisi. Miaka mingi ikapita bila kugusa mpini, hadi daktari aliponipima shinikizo la damu, akanitazama, akaniambia nitembeze mwili, lakini nianze polepole. Nikasikia kwamba ukumbi mmoja wa mazoezi hapa Lubumbashi una mashine hiyo. Nikaenda.

Nilipokaa, mwili ulikumbuka wenyewe. Miguu husukuma kwanza, mgongo hufuata, mikono humalizia. Wakati wa kurudi mikono hutangulia, mgongo ukafuata, magoti yakakunjwa mwisho. Kijana anayesimamia ukumbi alisema: “Papa, kumbe unajua!” Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Nikapandisha hadi 10 wenzo mdogo wa pembeni unaofungua hewa, nikatafuta 1:51 yangu, nikaipata. Nilidumu nayo mita mia chache tu. Kabla ya mita 600 nilikuwa nimeachia mpini, macho yanaona giza, siwezi kutamka jina langu. Kijana akaleta maji, akaniuliza kwa upole kabisa: “Papa, kama unajua hivi, miaka hii yote ulikuwa wapi?”

Hakunicheka. Lakini nilisikia kicheko cha oditori yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya mtu anayerudi. Sisi walimu tunamweka katika moja ya mafungu mawili: ama ni mwanafunzi mpya, aanze pamoja na wapya, ama ni mwanafunzi wa zamani, kwa hiyo lazima ajue. Yote mawili ni makosa. Mtu mpya hajui kuvuta, kwa hiyo hawezi kujiumiza haraka. Ufundi wake mdogo unamlinda. Anayerudi ana ufundi wa zamani na mapafu ya leo. Mikono inakumbuka, pumzi imesahau. Anaweza kuuomba mwili kitu ambacho mwili haunacho tena, na anakiomba kwa usahihi mkubwa. Mama yule wa oditori yangu ni hivyo hivyo. Anasoma kwa sauti nzuri kuliko wengi, sentensi zake zimenyooka, hata kusahihisha wenzake anaweza. Kilichopungua ni wepesi wa kuita istilahi kichwani pale anapozihitaji. Mimi nilisikia sauti, nikadhani kila kitu kipo. Kisha nikaona ngeli zimempotea, nikadhani hakuna kitu.

Jambo la pili nililijifunza kutoka kwenye skrini ya mashine. Nguvu inayohitajika hukua kwa mchemraba wa mwendo: ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, lazima utoe nguvu mara nane. 1:51 yangu ya zamani ni kama wati 256. Leo, nikivuta kwa utulivu kwa wati 128, nusu kamili, skrini inaandika 2:20. Tazameni hesabu hiyo: nimepoteza nusu ya nguvu, lakini mwendo uliobaki ni karibu sehemu nane katika kumi. Nilipoitambua nilikaa kimya juu ya kile kiti. Siku ya kwanza nilitoka ukumbini nikiamini kwamba hakuna kilichobaki, kumbe nilikuwa nikipima kwa kipimo kibaya.

Sisemi kwamba lugha ni gurudumu. Lakini sisi watu wa lugha tuna ushahidi wetu wenyewe, na ni wa zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha zisahaulike, kisha akajifunza upya. Hakupima tu kilichobaki kichwani. Alipima muda aliouokoa katika kujifunza mara ya pili. Hata pale alipodhani amesahau, mara ya pili ilimchukua muda mfupi zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshindwa swali siku ya kwanza bado hajatuonyesha anachokijua. Tumwulize tena baada ya wiki sita ndipo tutajua.

Najua jibu la wenzangu, kwa sababu lilikuwa jibu langu: diploma ni moja, hatuwezi kuwapunguzia wengine kiwango. Nakubali. Mita 2000 zibaki mita 2000. Hakuna aliyenifupishia reli, na ningeona haya kama wangefanya hivyo. Ninachoomba ni namna ya kuanza, wala si umbali mfupi. Na hapo nina mapendekezo matatu yasiyogharimu faranga hata moja.

La kwanza: wiki ya kwanza, anayerudi apewe jaribio lisilo na alama, yeye na mwalimu peke yao, ili wote wawili wajue amesimama wapi. La pili: kwa wiki sita asiitwe ubaoni kwa kushtukizwa, apewe kazi iliyo ndogo lakini ya kila siku, kama mimi nilivyopewa dakika ishirini za kuvuta polepole, mara tatu kwa wiki, huku nikiweza kuzungumza. La tatu: swali la “ulikuwa wapi” lisiulizwe mbele ya watu. Likiulizwa, liwe ofisini, na anayeuliza awe tayari kusikia jibu.

Na ninyi mnaorudi, nina neno kwenu pia, maana sitaki kuwapaka mafuta. Acheni namba ya zamani. Mimi niliibeba 1:51 kama kitambulisho, na ndiyo iliyonitupa chini. Ule wenzo wa pembeni wengi wetu huupandisha hadi 10 tukidhani ni nguvu. Kumbe hubadilisha uzito wa mvuto tu, kama gia ya baiskeli. Mashine hupima upya ukinzani wa gurudumu kila tunaporudi mbele, kwa hiyo haidanganyiki. Nimewaona wanafunzi waliorudi wakijiandikisha kozi zote, hata zile walizokwisha kufaulu, ili waonyeshe kwamba hawakupungua. Hiyo ni 10 yenu. Ishusheni. Andikeni namba mpya, ya mwaka huu, kisha shindaneni na hiyo. Mimi nilianza na 2:20. Baada ya miezi mitatu nimemaliza mita 2000 kwa 2:12, jumla dakika 8 na sekunde 48. Kijana wa Gent angenicheka. Daktari hakucheka, alipima tena shinikizo la damu, akaniambia niendelee.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumkejeli aliyezurura. Lakini ngama ndiyo mahali maji yanapokusanyika chini ya chombo, na anayerudi hapo mara nyingi hukuta kazi ya kukumba maji inamngoja. Ni kazi, si aibu.

Mama yule alirudi wiki ya tatu, akakaa safu ya nyuma kabisa. Nilimwomba radhi mbele ya oditori ileile iliyocheka, kwa sababu kosa lilifanyika hapo. Alisema: “Asante, Mwalimu,” akafungua daftari. Hajasogea mbele. Tumekubaliana kuonana kila Jumatano kabla ya somo, nusu saa, juu ya ngeli. Mtihani wake ni mwisho wa mwaka, na maswali yatakuwa yaleyale ya wenzake.