Mgeni Njoo, Gari Libaki Kijijini

Katika Hifadhi za Taifa za Tanzania hakuna mtu awezaye kufika langoni akiwa juu ya farasi wake mwenyewe, akapita na kwenda zake mbugani kama aingiaye shambani kwake. Hawezi kumwingiza mnyama wa nje bila ya kibali, wala hakuna anayelalamika kwamba ameonewa. Kila mwenye akili timamu anaelewa kwamba hifadhi si uwanja wa mtu kujifurahishia na kipando chake. Lakini huko Msimbati, mkoani Mtwara, ndani ya eneo la hifadhi, yuko farasi mwingine ambaye ameachiwa hatamu. Farasi huyo ni gari.

Ufuko wa Msimbati unasifiwa kwa mchanga wake mgumu, ambao gari hupita juu yake bila ya kuzama. Sifa hiyo sasa imegeuzwa kuwa mwaliko. Watu hutoka mijini na magari yao, wakayashusha ufukoni, wakayakimbiza kando ya mawimbi, wakapiga picha na kuondoka. Wapo hata wanaoutangaza mchezo huo kuwa ndicho kivutio kikubwa cha pwani ya Kusini. Ni jambo la kusikitisha kwamba mahali penye matumbawe, mikoko, kasa na maingilio ya mto mkubwa, kivutio kiwe ni magurudumu ya mgeni.

Hapana budi watu wakumbushwe mahali hapo ni pa namna gani. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya mwaka 1994. Inaanzia Ras Msangamkuu hadi mpakani mwa Msumbiji, na ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu. Ndani yake wamo wananchi katika vijiji vyao. Kwa hiyo ufuko huo si jangwa lisilo na mwenyewe.

Katika fuko za hifadhi hii kasa hupanda usiku kutaga. Jike mmoja hufukia mayai 100 na zaidi katika shimo moja, na mayai hayo hukaa mchangani muda wa takriban miezi miwili. Gurudumu likipita juu ya shimo hilo huushindilia mchanga, na kifaranga hushindwa kujichimbua. Akijaliwa kutoka, hukuta njia ya kuelekea baharini imekatwa na mifereji ya matairi. Mtu huiruka mifereji hiyo bila hata ya kuiona, bali kwa kiumbe mdogo kama huyo ni bonde. Atahangaika humo hadi jua limkaushe au kunguru wamchukue. Taa za gari nazo humrudisha baharini mama aliyekuja kutaga. Kifaranga anayenusurika huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuwa mzazi. Hasara ya alasiri moja ya anasa haiwezi kulipwa na msimu mmoja.

Wapo watakaojibu kwamba gari hupita chini, kwenye mchanga uliolowa, wala si pale kasa anapotaga. Hoja hiyo ni ya mtu asiyeijua bahari. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Dereva aliyeshuka maji yakiwa yamekupwa atarudi kwa njia gani yakijaa? Atapanda juu, kwenye mchanga mkavu, palepale penye mayai.

Lakini dhuluma iliyo kubwa zaidi ni ile ya kuwa na mizani miwili. Mwananchi wa Msimbati ameambiwa aache kokoro, akaambiwa aache kuchimba matumbawe ya kuchomea chokaa, na akielekeza mkono kwenye mayai ya kasa sheria humkamata. Yote hayo ni haki na yana faida. Tena wavuvi wengi wa pwani ya Kusini hawakungoja kusukumwa: katika miaka ya 1990 walijiunga wenyewe kuipinga baruti, wakati milio yake ilipokuwa ikisikika mchana kutwa. Watu waliojinyima hivyo kwa ajili ya taifa watamwelewaje mtu anayevunja mayai yaleyale kwa tairi, kisha akaitwa mtalii? Mvuvi akikosea ni mhalifu, naye mwenye gari akikosea ni mgeni wa heshima! Miaka ya 1960 wananchi waliwapa watu wa aina hiyo jina la wabenzi. Magari yamebadilika, bali kiburi ni kilekile.

Pwani hii imekwisha kuona wageni waliojitegemeza kwenye vipando vyao. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika kwenye maingilio ya Ruvuma na ngamia, nyati wa kufugwa wa Bara Hindi, nyumbu na punda. Mikoko na matope vilimnyima mahali pa kuwateremsha, akageukia kaskazini hadi Mikindani. Alitaka kujaribu kama wanyama hao wangestahimili mbung'o. Mbung'o, mizigo na mateso ya waliowaswaga viliwamaliza njiani, yeye akaendelea kwa miguu. Baadaye, mwaka 1947, wakoloni walianza mpango wa karanga uliofika hadi Nachingwea, wakaingiza mitambo mikubwa ya kila namna. Mwaka 1951 wakautupa. Kila mara kosa lilikuwa moja: kipando kilitangulia, nchi na wenyeji wakaulizwa baadaye.

Hoja ya mwisho ya watetezi wa magari ni fedha. Wanadai kwamba gari likizuiwa utalii utakufa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ajaye na gari lake, chakula chake na vinywaji vyake, akala ndani ya gari na kuacha chupa mchangani, amemponya nani? Sheria hiyo ya mwaka 1994 inataka wanavijiji washirikishwe katika hatua zote, wagawane manufaa, na wawe na kipaumbele katika nafasi za uchumi zinazoletwa na hifadhi. Kipaumbele hicho kitakuwa maneno matupu iwapo mgeni anaweza kuizunguka hifadhi nzima bila ya kumhitaji mwenyeji hata mmoja.

Dawa yake haihitaji mamilioni. Magari yote ya matembezi yaegeshwe kijijini, kwa ada itakayoingia katika mfuko wa kijiji. Kutoka hapo mgeni aende kwa miguu akiongozwa na kijana wa mahali hapo, au apande ngalawa ya mwenyeji, ikiendeshwa na nahodha azijuaye mkondo na miamba. Ale pweza aliyepikwa na akina mama wa Msimbati. Gari la mgonjwa na la dharura lisizuiwe. Zaidi ya hayo asiwepo wa kusamehewa, na kiongozi wa Chama au Serikali afikapo huko awe wa kwanza kushuka, ili wengine wasipate kisingizio.

Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba taifa lililokuwa likizaliwa linawapokea wanyama pori kuwa ni amana. Kasa wa Ruvuma wamo katika amana hiyo sawasawa na tembo. Uongozi wa Hifadhi na Serikali za vijiji hawana sababu ya kungoja. Mgeni akaribishwe kwa mikono miwili, lakini ashuke, avue viatu, na atembee mchangani kama watembeavyo wenye pwani yao.