Mashauri ya Fundi: Ufa Usiozibwa kwa Utepe

Mvuvi mmoja wa Luanda Kotieno alinionyesha waya wa injini ya umeme ya mashua yake. Gamba la mpira lilikuwa limepasuka kama udongo wa kiangazi, naye alikuwa amelizungushia utepe mweusi. Akaniuliza, "Je, haitoshi? Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta." Nikamjibu kwamba methali ni ya kweli, lakini ufa huu hauzibwi, hukatwa.

Basi, wasomaji, na tufahamu kwanza sababu. Miaka hii ya karibuni injini za umeme zimeanza kutumiwa na wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Faida zake ni nyingi: hazitaki petroli, wala hazimwagi mafuta majini. Lakini nguvu yake yote hupita katika nyaya. Injini ndogo ya volti 12 ikivuta ampea 50 hutumia wati 600. Watu huzidharau volti 12 kwa kuwa hazimtupi mtu chini. Lakini nyaya mbili zilizo wazi zikigusana, betri hutoa umeme mwingi kwa ghafula, nao waweza kuyeyusha shaba na kuwasha mbao za mashua.

Gamba huharibiwa na jua, na joto la waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mkubwa, na kupindwa mahali pale pale kila injini igeuzwapo. Maji yakiingia katika ufa hayakai hapo. Hunyonywa kati ya nyuzi za shaba kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Shaba huota kutu ya kijani, umeme hupita kwa shida, waya hupata joto, na gamba huzidi kupasuka. Utepe huuficha ugonjwa huu tu, na gundi yake hulegea upesi.

Yafaa kufanya hivi:

Kwanza, ondoa nyaya katika betri, ukianza na ile ya hasi. Ukaguzi wako uanzie ncha moja hata ya pili. Gamba likiwa gumu mahali pengi, badili waya wote. Ufa ukiwa mmoja, kata mpaka uone shaba inayong'aa.

Pili, tafuta waya wa nyuzi nyingi nyembamba, wenye unene ule ule au kuzidi. Uliopakwa bati ni bora. Waya wa uzi mmoja, kama ule wa nyumbani, haufai, kwa maana hukatika kwa mitikisiko.

Tatu, kabla ya kuunga, uvike waya mrija wa plastiki wenye gundi ndani, ule ujibanao ukipashwa moto. Unga kwa kiungo cha shaba kibanwacho kwa koleo lake, kivute kwa nguvu kujaribu, kisha sogeza mrija na kuupasha moto mpaka gundi itokeze pande zote mbili.

Nne, hakikisha ipo fyuzi karibu na ncha ya chanya ya betri, ya kipimo alichoandika mtengenezaji. Mtu awekaye kipande cha waya mahali pa fyuzi amemfukuza mlinzi mlangoni.

Mwisho, ifunge mashua ufuoni na kuiendesha injini kwa nguvu zote dakika chache. Izime, kisha gusa kila kiungo. Kilicho cha moto kuliko waya wake hakikuungwa vema. Kikatwe, kiungwe upya.

Lakini kama ufa umeingia ndani ya injini yenyewe, au betri ni ya volti nyingi, kama 48, usijaribu. Mpelekee fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

Mvuvi yule tulimfungulia utepe wake. Chini yake shaba ilikuwa ya kijani, na kutu ilikuwa imetambaa kiasi cha shubiri moja kupita ufa. Usiku ule angetoka na wenzake watatu kwenda kuvua omena, katika mashua isiyo na hata kasia moja. Hakutoka. Aliungulika kwa kukosa samaki wa usiku mmoja. Lakini kesho yake alinunua waya mpya, na makasia mawili.