Laptopu ya kikundi: nunua inayobebeka, achana na ya michezo

Ufuta umeshauzwa, mikorosho inapulizwa, na huu ndio wakati ambao vikundi vingi vina hela kidogo kwenye akaunti. Ndiyo maana leo naacha habari za ubwiri unga na mbu wa mikorosho, nizungumzie kompyuta mpakato, yaani laptopu kama tulivyozoea kuita.

Wiki iliyopita viongozi wa kikundi kimoja cha huku bondeni Ruvuma walinifuata ofisini. Wameweka akiba, wanataka kununua laptopu ya kuwekea orodha ya wanachama, hisa, mikopo na kilo za korosho. Katibu wao, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alinionyesha picha mbili kwenye simu. Moja ni laptopu ya kazi za ofisini, nyembamba, nyeusi, iliyotumika Ulaya. Nyingine ni laptopu ya michezo, nene, kibodi yake inawaka taa nyekundu, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Mwenyekiti akaniuliza, "Bwana shamba, si bora tujikamue tuchukue yenye nguvu, idumu?"

Nilimjibu papo hapo: hapana. Ila jibu la mdomoni halitoshi kwa hela ya watu, kwa hiyo naeleza sababu hapa ili na wengine wazipime.

Kwanza niseme ukweli wangu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua laptopu ya michezo, kwa mkopo wa mshahara. Muuzaji aliniambia ni mashine ya maisha, nami nikaona taa zile nikasahau kwamba kazi yangu iko juu ya pikipiki. Ilikuwa na zaidi ya kilo mbili na nusu, na chaja yake peke yake ilikuwa nzito kama tofali dogo. Siku ya kuhakiki daftari la wakulima kwa ajili ya pembejeo za ruzuku, nikaenda nayo kijiji kimoja cha mbali. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Betri ilikaa saa mbili, ikazima, na foleni chini ya mwembe ilikuwa bado ndefu.

Waliobaki nikawaandika kwenye karatasi. Usiku, nimechoka, nikahamishia karatasi kwenye kompyuta. Mama mmoja mjane mwenye mikorosho 140 nikamwandikia 40. Msimu ule akapangiwa salfa ya mikorosho 40. Tulipokutana nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema taratibu tu, "Bwana shamba, mashine yako kubwa vile, mbona haikuiona mikorosho yangu mia?" Kosa lilikuwa langu, si la mashine. Lakini ningekuwa na mashine ya kukaa na chaji hadi jioni, angeiona namba yake kwenye kioo na kunisahihisha pale pale.

Sasa tuangalie tofauti yenyewe.

Laptopu ya michezo inalipiwa hela nyingi kwa sababu ya kitu kimoja: ina kadi ya picha ya peke yake, inayochora picha zinazokwenda kasi. Kadi hiyo inakula umeme, inatoa joto, inahitaji feni kubwa, na ndiyo inayoongeza unene na uzito. Orodha ya wakulima mia nane kwenye Excel haiigusi kadi hiyo hata kidogo. Wala kuandika barua, kuchapisha muhtasari wa mkutano, au kuingia kwenye mfumo wa ushirika wa MUVU hakuihitaji. Ni sawa na kununua trekta la kubebea ndoo moja ya maji.

Tena kuna jambo wauzaji hawalisemi. Laptopu nyingi za michezo, ukichomoa chaja, hupunguza nguvu zake zenyewe ili betri isiishe mara moja. Kwa hiyo ile nguvu uliyoilipia unaipata ukiwa umechomeka ukutani tu. Sisi tunaishi upande ambao gesi ya Mnazi Bay inachimbwa hapa hapa Msimbati, lakini umeme ukikatika gesi haikusaidii kuwasha kompyuta.

Wenye sola, tupige hesabu. Chukua chaja ya laptopu ya michezo ya wati 230, ikifanya kazi kwa nguvu zote. Gawanya kwa volti 12 za betri yako, unapata amp 19. Ongeza kinachopotea kwenye inverta, ni zaidi ya amp 20. Betri ya kawaida ya sola ya amp-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una amp-saa 50 za kutumia. Hizo zinaisha ndani ya saa mbili na ushee. Na kama inverta yako ni ile ndogo ya wati 150, haitaiweza, itazima. Laptopu ya ofisini ina chaja ya wati 45 au 65. Hata hiyo ya 65 inavuta kama amp 6, na betri ile ile inakupa saa nane. Hiyo ni siku nzima ya kupokea korosho, na taa ya ghala juu yake.

Halafu kuna vumbi. Feni za laptopu ya michezo zinavuta hewa nyingi ili kupoza mashine. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, barabara za kwenda Kilambo na Mahurunga zina vumbi, na Msimbati ni mchanga. Mwezi wa sita hadi wa tisa unaongezeka unga wa salfa. Salfa inakula shaba na fedha zilizomo kwenye nyaya na viungo vya vifaa vya umeme. Nimeingia maghala ambayo kompyuta imewekwa meza moja na mifuko ya salfa. Usifanye hivyo kwa mashine yoyote, lakini inayovuta hewa nyingi zaidi ndiyo itakayoanza kufa.

Sababu ya mwisho ni ya watu, na kwangu ndiyo kubwa. Mali ya kikundi inatakiwa iwe wazi kwa kila mwanachama. Nimeona laptopu ya michezo ikinunuliwa kwa michango ya kina mama, kisha ikahamia nyumbani kwa kiongozi kwa sababu "ndiye anayeijua". Jioni vijana wanacheza mpira kwenye kioo, na daftari la mikopo limo humo humo. Siku mwanachama anataka kujua salio lake, anaambiwa mashine haina chaji. Sisemi kila kijana yuko hivyo. Ila kifaa kinachovutia kuchezewa kitachezewa, na hesabu za watu zitasubiri.

Zama hizi hesabu hazitakiwi kusubiri. Tumetumia stakabadhi ghalani Mtwara tangu 2007, na tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imepita kwenye mfumo wa TMX. Bei inajulikana siku hiyo hiyo. Mwanachama akija na risiti yake ya kilo, katibu anatakiwa aweze kufungua orodha palepale, si kumwambia arudi kesho. Asiyepata jibu kwa wakati ndiye anayekwenda kuuza kwa kangomba.

Je, laptopu ya michezo haina kazi? Inayo, na nisiwe mchoyo wa ukweli. Kama wewe ni kijana wa mjini Mtwara unayehariri video za harusi na unyago kwa malipo, una meza, una umeme, na hubebi mashine kwenye bodaboda, kadi ile ya picha itakuokolea saa nyingi. Mwanafunzi wa uhandisi anayechora majengo naye ataihitaji. Mwenye kibanda cha michezo, mimi ningemshauri anunue mashine ya michezo ya kuunganisha kwenye televisheni, maana ni nafuu na watoto hawataharibu kibodi. Pima kazi inayokuingizia hela, si kazi unayoitamani.

Na wengine hamhitaji laptopu kabisa. Duka la rejareja lenye wateja wa mkopo ishirini linatosha daftari, simu, na uaminifu wa kuandika kila jioni. Kompyuta haimfundishi mtu kutunza kumbukumbu. Kikundi kisichoandika kwenye daftari hakitaandika kwenye Excel.

Kwa walioamua kununua, mambo ya kukagua ni haya:

1. Tafuta laptopu za ofisini zilizotumika, kama ThinkPad, EliteBook au Latitude. Zimetengenezwa kwa watu wanaosafiri nazo, nyingi ni imara, na mafundi wengi wanazijua. Uzito usizidi kilo moja na nusu au pungufu kidogo ya mbili.

2. Angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupata huduma za kawaida za Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Soma namba baada ya i5: i5-6300 ni kizazi cha sita, iache. i5-8250 ni cha nane, inafaa. i5-1135 ni cha kumi na moja, nzuri zaidi.

3. RAM isipungue GB 8, na hifadhi iwe SSD, si diski ya kuzunguka. Diski ya kuzunguka na pikipiki haviivi chungu kimoja.

4. Pima betri mbele ya muuzaji. Tafuta cmd, fungua, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, kisha fungua faili litakaloonyeshwa. Linganisha DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo wake wa leo. Ikiwa ya leo ni chini ya nusu, omba betri nyingine au punguzo.

5. Izime na uiwashe tena. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, rudisha mezani, hata kama bei ni ya kutupa. Dai risiti yenye namba ya mashine, iandikwe kwenye muhtasari wa kikundi.

Chenji itakayobaki msiigawane. Nunueni printa ndogo, begi lisiloingiza maji, na flashi mbili za nakala. Flashi moja akae nayo mweka hazina, nyingine mwenyekiti, na kila Jumamosi orodha inakiliwa. Kila mwezi chapisheni orodha muibandike ukutani, kila mmoja aone jina lake na namba yake.

Yule katibu kijana alinikasirikia kidogo. Alisema nimemnyima mashine nzuri. Nikamwambia, mdogo wangu, ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Hii nyembamba ndiyo itakayokaa na chaji hadi mama wa mwisho kwenye foleni asome namba yake. Baadaye mwenyekiti alinipigia: wamekubaliana, wanakwenda mjini wakiwa watatu, na mmoja wao ni mwanamama anayetunza daftari la hisa. Hilo la kwenda watatu limenifurahisha kuliko hata laptopu yenyewe.

Kabla hamjatoa hela, njooni ofisi ya kata na picha ya maelezo ya mashine, tuisome pamoja. Hakuna malipo. Na aliyehakikiwa kwa karatasi msimu huu, tafadhali aje aone jina lake kwenye kioo kabla ya orodha kufungwa.

Nawatakia upuliziaji mwema na msimu wenye bei.