Uzamili wa afya ya umma usiishie kabatini

Chikungunya ilipoipiga Lamu mwaka 2004, vipimo vya damu vilivyofuata vilionyesha kuwa karibu robo tatu ya wakazi wa mji walikuwa wameambukizwa. Wagonjwa walipewa dawa za maumivu. Lakini swali lenyewe halikuwa la dawa: mbu hawa wametoka wapi, na nchi iko katika ukame? Watafiti walieleza baadaye kwamba huenda ukame ndio uliowaleta. Maji yakiadimika watu huyaweka akiba nyumbani siku nyingi, na mbu wa aina ya Aedes huzaana humohumo, ndani ya pipa na mtungi. Mwaka huohuo ugonjwa ulifika Mombasa, kisha ukavuka hadi Komoro.

Mtu wa kuuliza swali la pipa mapema, kabla mji mzima haujalala kitandani, ndiye anayesomea afya ya umma. Daktari humtibu aliyefika kwake. Huyu hufuata alikotoka mgonjwa.

Bahati ni kwamba mwaka 2004 ndio Wizara ya Afya, ikisaidiwa na CDC ya Marekani, ilipoanzisha mafunzo ya FELTP. Ni miaka miwili, na sehemu kubwa mwanafunzi yuko nyanjani akichunguza milipuko, si darasani. Kwangu huo ndio usomi unaotufaa Pwani. Wala walimu si wa kutafuta mbali: Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome tangu 1989, nacho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Pwani kufundisha vijana mbinu za utafiti wa afya.

Pengo naliona kwa mwajiri. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, bwana afya ni mtu wa kaunti. Nawajua waliojilipia karo, wakasoma wikendi, wakarudi na uzamili wakakuta dawati lilelile na mshahara uleule. Tasnifu zao, nyingine kuhusu vyoo na visima vya vijiji vyetu wenyewe, zimebaki maktabani. Diwani wa wadi hajawahi kusomewa hata ukurasa.

Kaunti ikimlipia mtu karo, imfunge kwa mkataba arudi, na cheo kiwe kinamngoja. Misaada ya Marekani imekatwa mwaka 2025, kwa hiyo kungoja mfadhili si mpango. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kuisha. Nitayafungua nitafute fungu la masomo ya mabwana afya, na nawaomba nanyi mlitafute kwenye kaunti zenu.