Sola isiwe ya wenye nyumba pekee

Hebu angalia juu ya fleti unayoishi. Paa limelala tu juani, na tangi za maji na kamba za nguo. Chini yake pengine kuna nyumba 30, kila moja na mita yake, kila mtu akinunua tokeni kivyake.

Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa Mkenya kuzalisha stima kwake na kupeleka inayobaki kwa gridi. Kanuni zenyewe zilikuja 2024. Mchana uko kazini, sola yako inalisha gridi. Jioni ukirudi, unatumia ya gridi na unapunguziwa kulingana na uliyopeleka. Lakini ukipeleka yuniti 10, unahesabiwa 5. Pesa mkononi hupewi.

Wengi wanalalamikia hiyo nusu. Mimi naielewa kiasi. Nguzo, nyaya na transfoma zina gharama, na Kenya stima hutumika zaidi jioni, jua likiwa limeshatua.

Shida yangu ni nyingine: mpango huu unamfaa mtu mwenye paa. Nairobi wengi wetu ni wapangaji. Mwenye ploti hana haraka ya kuweka sola kwa sababu tokeni unanunua wewe, si yeye. Wewe nawe utawekaje paneli kwa paa si lako, halafu uhame Januari? Kwa hivyo atakayepunguza bili ni yule wa Runda. Na akinunua stima kidogo, gharama ya nyaya itaangukia nani? Sisi wa Kayole na Pipeline.

Dawa ipo: paa moja, mita nyingi. Sola ya jengo ilishe gridi, yuniti zigawanywe kwa mita za wapangaji, naye mwenye ploti apate chake. Si ndoto. Ujerumani ilipitisha sheria ya stima ya wapangaji 2017. Mwenye jengo anawauzia wapangaji stima ya paa, na bei haifai kuzidi asilimia 90 ya ile ya kawaida ya eneo hilo. Mpangaji anaokoa, mwenye jengo anapata faida.

Siku EPRA, mamlaka ya kawi, ikiita wananchi kutoa maoni, enda. Usiende kulia bei ya tokeni pekee. Waulize: na paa letu je?